Kabati la Don Eleuterio

Don Eleuterio Ccanto, mkuu wa shule yetu ya Pampahuasi, sijawahi kumwona akimfundisha mtoto hata kujumlisha, lakini kufuli anazijua. Lori lilipopandisha mlimani kompyuta arobaini za watoto, zile ndogo za kijani, hakuuliza zinafanya kazi gani. Aliuliza zikivunjika nani atawajibika. Kisha akazifungia katika kabati la chuma ofisini kwake na kuuvaa ufunguo shingoni kwa uzi mwekundu wa sufu, mithili ya bibi harusi na kidani chake. Watoto nikawachorea kompyuta ubaoni.

Moja niliichukua kabla hajafunga. Sikuomba ruhusa, na wala sijuti. Watoto wangu ishirini na watatu waliitumia kwa zamu mwaka mzima, na mkuu hakujua, maana darasani haingii. Anaogopa vumbi la chaki.

Ndani yake mlikuwa na Linux, mfumo usiomficha mtu kitu: unafungua kidirisha cha amri, unauliza, unajibiwa. Nikauliza hadi nikakuta kinga ya wizi. Kila kompyuta lazima iwashwe na kusalimiana na mtambo wa mtandao wa shule, uliokuwa darasani kwangu, walau mara moja kwa mwezi. Isiposalimia, inajihesabu imeibwa, inajifunga, na haifunguki mpaka wakubwa wa wizara kule Lima, mji mkuu, watume ruhusa.

Nikaenda kumwambia. Nilimkuta anatafuna mahindi ya kukaanga.

“Mwalimu Nélida, hili ni kabati la chuma,” alisema. “Mwizi gani ataingia humu?”

“Mwizi hahitajiki, mkuu. Zitajiona zenyewe zimeibwa.”

“Kumbe na mashine nazo zinanuna?” Akacheka mpaka mahindi yakamtoka mdomoni. Mtu mzima huyo, tena mwenye cheti ukutani.

Mwezi wa Agosti akafungua kabati ili ahesabu, si ili awashe. Akakuta thelathini na tisa. Hakukawia kujua ya arobaini iko wapi, na siku hiyohiyo akaandika barua wilayani: Nélida Taipe ameiba mali ya umma, afukuzwe. Miaka kumi na tisa ya kazi yangu, kwa karatasi moja. Aliponipita uani akaniambia kwa upole wa kinafiki, “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama.” Sikulala vizuri wiki ile, nakiri. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Mkaguzi akaja Jumanne, Bi Zoraida Mallqui, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Don Eleuterio alikuwa amewachinjisha wazazi simbilisi kumi na wawili, kitoweo chetu cha sherehe, kwa ajili yake; mgeni hakuonja hata mmoja. Akataka kuona kompyuta kwanza.

Mkuu akafungua kabati kwa mbwembwe zote. Akawasha ya kwanza: picha ya kufuli. Ya pili: kufuli. Akaitikisa ya tatu kama anayetafuta yai viza. Kufikia ya kumi jasho lilikuwa linamtiririka, na kwa baridi ya kwetu, jasho si jambo dogo. Zote thelathini na tisa zilikuwa zimejifunga.

Nikaweka mezani ile yangu. Rosmery, mwanafunzi wangu wa darasa la nne, akaiwasha, akasoma hadithi aliyoiandika mwenyewe juu ya jalidi, ule umande wa barafu, iliyoua viazi vya bibi yake. Alisoma mpaka mwisho bila kukwama, na machozi yakanilenga.

“Mnaona?” mkuu akasema. “Ameileta mwenyewe. Huyo ndiye mwizi.”

Bi Zoraida akaniuliza ile picha ya kufuli maana yake nini. Nikamweleza. Akamgeukia mkuu.

“Kwa mujibu wa mashine zenyewe, zilizoibwa ni thelathini na tisa. Ufunguo alikuwa nao nani?”

Rosmery aliutazama tu ule uzi mwekundu, na Don Eleuterio akafunga kifungo cha juu cha shati lake.

Bi Zoraida akaikunjua mezani ile barua ya mkuu, akampa kalamu.

“Sahihisha idadi, mkuu,” alisema. “Ukimaliza, sahihisha na jina.”