Mguu Uliooshwa Sebuleni

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msafi tu, ila usafi wake haukuwa na simile. Akija kutembea, hata sufuria zilizokwisha kuoshwa zilioshwa upya, na fundi, mume wa binti yake, alijikuta akinawa mikono kila alipomwona.

Kazi ya fundi ilikuwa kuunda nakala za mifupa kwa ajili ya jumba la makumbusho. Mama mkwe aliiita kuchezea udongo. Waume wa binti zake wengine aliwaita "mwanangu". Huyu alikuwa "huyo bwana wa plasta". Jambo hilo lilimuuma fundi kuliko alivyokubali kusema, hata kwa mkewe. Ndiyo maana alimwalika kwenye onyesho jipya, aje ajionee mwenyewe: mifupa ya mguu na mkono wa dinosaria mkubwa mla nyama, mguu mrefu kuliko mlango, mkono mfupi wa kuchekesha.

Kwa kuwa paa la karakana lilivuja, aliileta ikaukie sebuleni. Alikuwa ameshaipaka rangi ya udongo wa kale, madoa kwa nyufa. Ilibaki vanishi tu, akamwacha nyumbani mama mkwe, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo, akatoka kwenda kuinunua.

Aliporudi, mguu ulikuwa mweupe pe. Mama mkwe, brashi mkononi, alikuwa anamalizia kucha.

"Uchafu ulikuwa umeganda huu!" alisema akitweta. "Sijui mnaishije humu. Mkono haukunisumbua, wenyewe mfupi."

  Fundi aliketi sakafuni kando ya ndoo ya maji ya kahawia, jasho lake lote limo humo, machozi yakamlengalenga.

Mkewe ndiye aliyesema. "Mama, ile ilikuwa rangi. Na kesho asubuhi watu wanakuja kuiona."

Mama mkwe alimtazama fundi, akautazama mguu.  Kisha akaenda jikoni, akabandika sufuria kubwa kuliko zote, akamimina humo majani yote ya chai.

"Kitambaa changu cheupe cha meza kiliwahi kumwagikiwa chai," alisema kwa uchungu. "Nimesugua mpaka leo, doa halijatoka. Haya, leteni matambara."

Wakapaka wote watatu, chai juu ya chai, mpaka plasta ikashiba na mifupa ikazeeka tena.

Kesho yake mkuu wa makumbusho aliusogelea mguu, akaunusa kidogo, akasema hajapata kuona rangi ya kale namna hiyo. Fundi alishukuru. Mara kelele zikazuka nyuma yao. Bwana mmoja alikuwa ameegemea paja la dinosaria ili apigwe picha.

"Hebu toa mkono wako hapo!" mama mkwe alimfokea. "Unajua hiyo ni kazi ya nani? Ya mwanangu hiyo!"

 Fundi akageuka amwone vizuri. Mama mkwe alikuwa ameshatoa leso, ameilowesha kwa mate, anasugua alama ya kiganja cha yule bwana, na pale aliposugua plasta ilianza kuwa nyeupe tena.

Fundi alimwacha asugue.