Maji ya Pipa la Tajiri

Taa ya njano ya dashibodi iliwaka tena Modesti akipandisha mlima kutoka Kirando, gari limesheheni dagaa na watu. Abiria hawakuiona. Yeye alijua inasema nini: dizeli imeingia maji. Na tajiri wake, Mzee Obed, alikwisha kutangaza mbele ya stendi nzima ya Sumbawanga kwamba Modesti ananyonya dizeli, anaiuza, kisha anajazia maji. Ikiwaka tena, aache funguo aende zake.

Kazi si kwamba zilikosekana. Tangu mambo yawe ruksa, magari yaliyochoka huko Japani yalikuja kumalizia uzee wao Ufipa, na yote yalitaka madereva. Lakini mwizi nani amkabidhi gari? Baba mkwe wake alikwisha kutoka Mollo kuja kumchukua binti yake Adela, hata chai hakunywa. Alisema hakuoza binti kwa mwizi. Hilo lilimkata Modesti maini kuliko tishio la kufukuzwa.

Jioni ile alimpa Obed funguo mkononi.

"Shikamoo, tajiri. Imewaka. Ila kabla hujanifukuza, safari moja tusijaze kwenye pipa lako, tujaze kituoni, ukae na mimi mbele, ujionee."

Obed alikubali kwa shingo upande. Wakalikausha tangi, wakasafisha filta, wakajaza kituoni. Kirando kwenda na kurudi, taa haikuwaka. Waliporudi wakajaza kutoka kwenye pipa la Obed pale uani kwake Izia, ambalo kizibo chake alikitia kufuli na ufunguo akauvaa shingoni kama rozari. Hawajafika mbali, taa hiyo.

"Kuna mtu ana ufunguo wa pili," Obed alisema, ila sauti yenyewe haikuwa na nguvu.

Walirudi uani. Mvua ya mchana ilikuwa imeacha maji juu ya lile pipa, yamezuiwa na ukingo, kizibo kimezama. Modesti akachora alama ya chaki yalipofikia. Asubuhi, baridi ikiwatafuna wote wawili, maji yalikuwa yameshuka mbali chini ya alama. Kufuli lilikuwa zima na chini hapakuwa na maji yaliyomwagika.

"Linakunywa," Modesti alisema taratibu. "Mchana jua linalipasha, hewa inatoka. Usiku baridi yetu inalibana, linavuta maji pembeni ya kizibo."

Obed aliliangalia pipa, akaushika ule ufunguo wa shingoni.

"Haya, nimeelewa. Panda gari, abiria wanangoja."

Modesti hakupanda. "Mwizi uliniitia stendi, tajiri."

Basi wakaenda stendi. Obed, mtu mzima na koti lake, akainama chini ya boneti, akalegeza filta, akakinga maji kwenye kikombe na kukiinua watu waone. "Maji haya ni yangu," alisema. "Kijana nimempaka matope bure." Wengine walicheka. Modesti hakucheka.

"Bado Mollo," alisema.

Huko Mollo baba mkwe alimsikiliza Obed mpaka mwisho, macho yake chini. Kisha akamwita Adela akafungashe vitu vyake. Adela alitoka palepale na begi, vumbi limeganda kwenye zipu.

"Sijalifungua, baba," alisema. "Tangu siku ile uliponileta."