Rubani Juu ya Jina Yangu

Siku ya Toussaint, sikukuu ya kukumbuka wafu, mwaka 2012, nilipeleka maua ku makaburi ya Evere, huku Ubeleji, kwenye bwana yangu Constant analala na mama yake. Jina yangu ilikuwa pale pia. Babeleji njo desturi yao: bwana akikufa, banachora jina ya bibi pia, hata angali muzima. Berthe, 1953, kisha kamustari, banangoja siku yako. Bon, nilishazoea kujiona ku kaburi.

Ile siku, juu ya jina yangu, nikakuta maandishi mapya inangaa: Hubert, rubani wa ndege ya mabomu. Alianguka Kisula, Katanga, 1961. Mwili haukupatikana.

Hubert ni papa ya Constant. Kisula ni kwetu. Ndege moja tu njo ilianguka kule, ile yenye ilimwanga mabomu ku soko ikaua mama yangu, miye mutoto wa miaka nane. Na Constant aliniambia papa yake alikuwa anabeba barua mu ndege. Barua! Alijua kwetu ni wapi, akalala pembeni yangu maisha yote, kinywa imefungwa. Moyo ya muntu ni pori, kweli.

Thérèse, dada ya Constant, alikuwa pale na kitambaa, anapanguza jiwe. Yeye njo alichorisha. Akaanza kulia: papa hana kaburi, bametafuta mpaka bamechoka, labda banyama balimukula. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumuambia afute jina yangu, heri banichome moto kuliko kulala chini ya yule muntu. Lakini nilijua kitu yenye yeye hakujua. Kwetu maiti haiachwe juu ya udongo, hata ya adui. Udongo unakasirika, mvua inakatala.

"Papa yako hakupotea," nilimuambia. "Nyanya yangu alimutoa mu ndege, akamuosha. Maiti ilikuwa mingi, mashimo kidogo. Balimuzika mu shimo moja na mama yangu."

Thérèse alikaa chini ku majani. Kisha akauliza, pole pole, kama kule kuna jiwe yenye jina ya papa.

"Hakuna. Na ya mama yangu hakuna."

Ku jiwe ya Evere ilibakia nafasi moja tu, yangu. Mbele Noeli ifike fundi alikuya akafuta jina yangu, nilimuomba miye mwenyewe, akachora ya mama yangu: Ngoie, aliuawa Kisula na bomu ya Hubert. Mwili uko naye. Thérèse alisimama pale, hakukatala hata neno moja.

Miye nitalala wapi, sijui. Pembeni ya Constant nafasi imeisha.