Jibu Alilolikata Mwenyewe

Nyumbani kwa mama Victorine, kule Katuba, watu walijaa tangu asubuhi. Shangazi Kapinga alikuwa ameshuka kutoka Kipushi na mikebe mitatu ya pudra, ile poda nyeupe. Saa tisa chuo kitatangaza matokeo, na anayefaulu humwagiwa pudra kichwani mpaka mama yake asimtambue. Lakini mdomo wa Kapinga nao haukukaa bure.

"Madame Double! Mwaka hii utatuangusha tena? Hii pudra nijipake mie mwenyewe?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Exaucée, binti wa Victorine, naye akacheka, maana usipocheka wanasema una roho mbaya. Jina hilo, yaani Bibi Mara Mbili, lilimganda tangu aliporudia mwaka. Jina la utani ukiliitikia kila siku huhamia ndani na kuomba kitanda. Na akirudia mara ya pili, chuo kinamfukuza, basi.

Saa nane alikuwa chuoni, mbele ya meza ya Rigobert, assistant, mwalimu msaidizi wa takwimu, aliyekuwa akiwaonyesha wanafunzi karatasi zao kabla jury, kamati ya kupitisha alama, haijafunga.

"Unakosa points mbili tu ya kufaulu," Rigobert alisema. "Angalia swali ya tatu. Uliandika 1,8. Probabilité, ule uwezekano, inapita moja namna gani, mama? Lakini hapa juu ulikata 0,18, na iko sawasawa kabisa! Juu ya nini ulikata?"

Exaucée alikumbuka vizuri. Swali lile alilimaliza haraka, haraka mno, mpaka hofu ikamshika. Kitu chepesi hivi kwa Madame Double? Haiwezekani. Akachungulia kwa Paulin, mtoto wa Golf, mtaa wa matajiri, yule anayejibu kabla professeur hajamaliza kuuliza. Paulin ameandika 1,8. Akalikata jibu lake kwa mistari miwili, akashukuru Mungu kwamba amewahi kuona.

Rigobert akamsogezea chaki. "Nielezee tu namna ulipata ile ya juu. Ukieleza, nabeba hii karatasi kwa jury sasa hivi, points unapata."

Ubao ulikuwa mtupu. Hatua zote nne alikuwa nazo kichwani. Akachukua chaki, akainua mkono.

Simu ikalia mfukoni. Akaipokea kwa hofu, na sauti ya Kapinga ikajaza ofisi. "Madame Double! Tuko mu njia, motokari imejaa! Usituhaibishe, eh!" Nyuma yake watu wakacheka.

Mkono ukashuka.

"Chef, pengine ile ya juu nilikosea."

"Ulikosea namna gani, na iko sawa?"

"Ilikuya tu. Ni bahati."

"Bahati haiandike mistari ine! Andika moja tu, mutoto wangu. Moja."

"Mie siyo muntu wa hesabu, chef. Unisamehe."

Mtu akachungulia mlangoni: jury wanamngoja Rigobert. Akamtazama Exaucée mara ya mwisho, akaichukua karatasi, akaitia katika rundo kama ilivyokuwa.

"Aksanti, chef," Exaucée akasema, akafuta chaki vidoleni.

Kwenye ngazi midomo yake ikaanza kwenda yenyewe: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. 0,18. Alisimama akairudia yote tena, bila kosa, huku kule getini motokari ikipiga honi na watu wakiimba jina lake la ubatizo: Exaucée, aliyejibiwa maombi.