Kipandauso cha Binti wa Kinyozi

Kinyozi yule alikuwa na mdomo mwepesi kuliko mashine yake ya kunyolea, na kwa miezi minne mdomo huo ulikuwa na habari moja tu: kipandauso cha bintiye kimekwisha. Kila aliyeketi kwenye kiti, atake asitake, alisimuliwa. Jinsi daktari alivyosita kumwanzishia dawa kali msichana wa miaka kumi na mitano, akaandika virutubisho kwanza, magnesi na vitamini B2, kila siku kwa miezi mitatu. Jinsi alivyoonya kwamba mkojo utakuwa wa manjano, wasishtuke. Daktari alisema pia kwamba haviwasaidii wote, na visipomsaidia wamrudishe, kwani zipo dawa nyingine. Sehemu hiyo kinyozi hakuisimulia.

Na kwa nini aisimulie? Kila asubuhi alimpa bintiye vidonge kwa mkono wake, akasimama mpaka vimezwe, ndipo akauliza, "Kichwa?"

"Kizima, baba."

Miezi mitatu ilipotimia, hakuona haja ya kwenda kupanga foleni kliniki. Mama mtu alishaolewa kwingine, na mashangazi walishatabiri kwamba mwanamume peke yake hawezi kulea binti. Sasa kinyozi alijiona kidume.

Jumanne moja mchana, mwalimu wa binti alikuja kunyoa ndevu.

"Pole na mgonjwa, fundi."

"Mgonjwa gani?"

"Binti yako. Leo tumemrudisha nyumbani tena. Wiki iliyopita mara mbili. Yeye anasema unajua."

Kinyozi aliweka wembe chini, akatoka bila hata kuvua aproni. Mwalimu alibaki na povu nusu ya uso, ikabidi amaliziwe na fundi wa kiti cha pili.

Njia nzima alikuwa na hasira. Mtoto mdogo, uongo mkubwa namna hii! Alipofika nyumbani alichungulia kwanza dirishani, kwenye upenyo wa pazia. Binti alikuwa amelala chali, kitambaa kimefungwa machoni, ndoo ya kutapikia ubavuni. Midomo ilikuwa imemkauka. Hasira za kinyozi zikamwisha palepale, ikabaki hofu.

Alitia ufunguo mlangoni. Kutoka chumbani akasikia ndoo ikisukumwa uvunguni, kitanda kikilia, pazia likivutwa. Alipoingia alimkuta ameketi na kitabu mapajani.

"Shikamoo, baba. Mbona mapema?"

"Marahaba. Mwalimu wako amepita kazini."

Binti akafunga kitabu taratibu.

"Tangu lini, mama?" kinyozi aliuliza.

"Vidonge havijawahi kunisaidia, baba. Siku ya kwanza nilikujibu kizima kwa sababu siku ile kilikuwa kizima kweli. Ukafurahi mpaka ukaimba. Ukawapigia simu mashangazi wote." Aliinamisha macho sakafuni. "Baada ya hapo nikashindwa kukwambia."

Miezi minne. Mwezi huu wa nne angekuwa ameshapewa dawa nyingine, kama si baba aliyependa jibu lake. Kinyozi alijua hivyo, akaona aibu. Akaketi kitandani kando yake.

"Kesho asubuhi tunarudi kwa daktari. Sasa niambie ukweli, mwanangu. Hivi sasa kinauma kiasi gani?"

Binti alimtazama baba yake usoni kwanza, kwa muda, akikisia ni jibu gani baba ataliweza.

"Kidogo tu," akasema.