Meno Mawili ya Chini

Mwezi wa Septemba Chepngeno aliletwa na mwanawe, Job, kwenye karakana yangu ya meno ya bandia hapa Kanduyi. Alikuwa ameng'olewa meno yote kule Kitale miezi mitatu nyuma. Nilipapasa ufizi kwa kidole. Ulikuwa umepona vizuri na kukaza.

"Daktari," alisema, Job alipotoka nje kupokea simu.

"Mimi ni fundi tu, mama."

"Haya, fundi. Hapa mbele, chini, nilikuwa na pengo. Meno mawili. Tuling'olewa siku moja, mimi na dada yangu Chepkosgei, tukiwa wasichana. Usiniwekee hayo."

Nilielewa. Desturi hiyo ilikuwa kwetu pia. Nyanya yangu wa Sirisia alikuwa na pengo lile lile. Wazee walisema mtu akishikwa na ugonjwa wa kukaza taya, uji utapitia hapo.

"Chepkosgei amesahau watu wote," aliendelea. "Hata watoto wake. Lakini mimi nikicheka alikuwa ananijua. Nikimlisha, anakula. Mkono wa mtu mwingine, hapana. Sasa tangu ning'olewe yote ananiangalia tu, ati huyu mzee ni wa nani. Chakula anaonja, anaacha. Unaniachia pengo langu, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

Nilichukua kipimo, na wiki iliyofuata nikapanga meno kwenye nta. Niliacha pengo. Job, anayefanya kazi hapa mjini, alipita peke yake kuona.

"Fundi, si umesahau mawili?"

"Mama ndiye aliyetaka hivyo."

"Mama ni wa zamani, bana. Unajua shuleni walikuwa wananiuliza kama baba humpiga ngumi? Jaza hapo. Novemba binti yangu anahitimu chuoni Kibabii, kutakuwa na picha."

Nilimweleza habari za dada. Alisikiliza mpaka mwisho, nikiri hivyo.

"Dada yake huyo hajui hata leo ni siku gani," akasema. "Jaza."

Sikumchukia. Mtoto akichekwa kwa ajili ya mama yake, hilo halimtoki haraka. Nilijiambia kwamba mama atazoea. Nimewaambia watu wengi neno hilo, kwa hiyo lilinijia kirahisi. Nikachukua meno mawili, nikayapachika kwenye nta. Ilikuwa kazi ya dakika nne.

Siku ya kuvaa, Chepngeno alipitisha ulimi juu ya meno, polepole. Ulipofika mbele ukasimama.

"Umeweka."

"Mama, umekuwa msichana!" Job alimshikia kioo. "Hebu jiangalie."

Hakukiangalia kioo. Aliniangalia mimi. "Si nilikuambia?"

Nilikuwa na mashine ya kusagia meno pale mezani, hatua mbili tu. Niliinama nikaanza kufuta vifaa ambavyo vilikuwa safi. Job akamshika mkono, wakatoka.

Alirudi mwisho wa Novemba, peke yake, viatu vyake vikiwa na tope. Akafungua leso, akaweka meno mezani.

"Toa yale mawili."

"Job anajua?"

"Job ana picha zake tayari."

Niliwasha mashine. Yeye akaongea katikati ya kelele zake, bila kupaza sauti, nami nikalazimika kusimama kila mara ili nisikie.

"Siku ile ile ya kuvaa nilienda kwa Chepkosgei. Nikacheka. Akavuta shuka mpaka puani. Akasema, mwambieni huyu mama wa watu arudi kwao. Nikatoa meno, nikacheka na ufizi. Akalia."

"Mbona hukuja mapema, mama? Ni dakika kumi tu."

"Wewe hukuniambia ni dakika kumi. Nilimwomba Job anilete. Kila wiki alisema wiki ijayo."

Nilisaga mpaka nikafika kwenye rangi ya waridi ya ufizi wa bandia, nikalainisha kingo zisimkate ulimi, nikaosha. Akavaa. Safari hii aliomba kioo mwenyewe. Akakichekea kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri kioo kimjibu.

"Hapo," akasema.

"Sasa dada atakujua."

"Tunamzika Jumamosi." Alikunja leso mara mbili, akaitia kifuani. "Watafungua jeneza kidogo. Nitamchekea hapo."

Jumapili Job alinipigia simu.

"Fundi, nani alikuambia uharibu meno ya mama? Jana amesimama mbele ya jeneza anacheka, watu wote wanatazama!"

"Mwenye mdomo," nikasema.

Ni jibu zuri. Nilikuwa nalo tangu Septemba.