Upepo Unaelekea Osumi

Arimura Sonoe alipiga chafya yake ya kwanza mwaka ule akiwa anafunga mlango wa nyumba, na hapohapo akaulaumu mlima. Watu wa Kagoshima, kusini mwa Japani, ndivyo walivyo. Sahani ikishika vumbi, ni mlima. Shati likianikwa jeupe na kuanuliwa la kijivu, ni mlima. Sakurajima, volkano yao, imekaa ng'ambo ya ghuba ikifuka moshi tangu enzi za mababu, na haijawahi kujitetea. Basi Sonoe akasema ni majivu, akapangusa pua, akaenda kazini.

Chafya hazikukoma. Wiki iliyofuata macho yalimwasha kama yamepakwa pilipili, kamasi jepesi likawa linatiririka bila hodi, na wiki ya tatu pua ikaziba kabisa. Mtu mwingine angeingia duka la dawa yakaisha. Nusu ya mji ilikuwa hivyohivyo, imejifunga barakoa, na kila asubuhi televisheni ilitaja kiwango cha chavua ya miti ya misugi na mihinoki inayoshuka kutoka milimani: nyingi, nyingi, nyingi mno. Lakini Sonoe alikuwa mwonjaji wa chai. Nyumba ya biashara ya Sameshima ilinunua chai kwa pua yake, na mnada wa kwanza wa majani mapya ulikuwa umebakiza siku nne.

Kilichomkosesha raha zaidi kilikuwa cha zamani. Miaka tisa nyuma walikuwa wawili mezani, yeye na Nagamine. Nagamine akashikwa na aleji ya chavua, akaificha, akawa anasema ni mafua. Sonoe ndiye aliyekwenda kwa mzee Sameshima, mwenye biashara, akamwambia kwamba pua iliyoziba haina kazi mezani. Hakusema uongo, na hilo alijikumbusha mara nyingi mno kwa mtu mwenye dhamiri safi. Nagamine akapelekwa chumba cha kufungasha, na siku za kuonja akawa anabeba birika la maji ya moto nyuma ya Sonoe. Hakuwahi kulalamika. Alitania tu, na utani wake ulikuwa na miiba midogo.

Siku mbili kabla ya mnada zikaletwa sampuli tano kutoka kisiwa cha Tanegashima. Mabakuli matano meupe yakapangwa, majani yakatiwa, Nagamine akamimina maji. Sonoe akazamisha kijiko cha wavu, akayainua majani yakiwa yanatoa mvuke, akayasogeza puani. Hakusikia harufu yoyote. Ni kama alikuwa ananusa ukuta. Akarudia bakuli la pili, la tatu, na mwishowe akatazama rangi tu, akalisifu la tatu kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Mzee Sameshima akaandika, akatoka.

"Macho yamekuiva, Sonoe-san," Nagamine akasema.

"Majivu hayo. Mlima umechachamaa wiki hii."

"Umechachamaa kweli," akasema, huku akifuta meza. "Ila upepo unaelekea Osumi."

Akabeba birika lake akaenda zake. Sonoe alibaki amesimama, masikio yanawaka. Katika mji ule hakuna anayetoka nyumbani bila kusikia upepo wa mlimani unakwenda wapi, na ukielekea Osumi, upande wa pili wa mlima, majivu ni mzigo wa watu wa huko, huku mjini watu wanaanika nguo. Yeye mwenyewe alikuwa ameusikia asubuhi ile. Tena alikuwa ameanika shuka nje, shuka zilezile alizokuja kuzilalia zikiwa zimejaa chavua.

Siku zile mbili hakutulia. Kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa alijua Nagamine amekwenda kumsema, kwa kuwa ndivyo yeye alivyofanya. Aliosha pua kwa maji ya chumvi, akajifukiza tangawizi. Alikwenda hadi mlangoni mwa duka la dawa akageuza, maana aliona akiinunua tu ile dawa, ugonjwa utakuwa wake. Na Nagamine hakusema neno kwa mtu. Sonoe akaanza kuona heri angesemwa.

Siku ya mnada ukumbi ulikuwa na safu ndefu za mabakuli, wanunuzi wamevua barakoa wameinama. Bakuli la kwanza, hakusikia kitu. La nne, la saba, hakusikia kitu. Nusu saa tu ilikuwa imebaki, na mzee Sameshima alikuwa ng'ambo ya ukumbi akisubiri kuambiwa anunue lipi.

"Nagamine-san," akasema kwa sauti ya chini, "ninusie hili."

"Kwani una nini?"

"Majivu."

"Basi subiri yatue." Akamimina maji kwenye bakuli lililofuata.

Sonoe akakiweka kijiko mezani. "Ni chavua," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Sisikii harufu yoyote. Na lile nililokwenda kukusemea kwa mzee..."

Nagamine akaweka birika chini. Akachukua kijiko, akainama, akavuta pumzi ndefu bila chafya. "Hili halikupata mvuke wa kutosha, linanuka nyasi. Hili ni zuri sana. Lile la tatu la Tanegashima ulilolisifu juzi msilinunue, chai yake iliungua."

"Na pua yako?"

"Ilipona. Kidonge chini ya ulimi kila asubuhi, miaka minne. Huu ni mwaka wa tano nanusa vizuri."

"Miaka mitano unabeba birika na pua nzima? Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa nanusa mvuke nyuma yako, Sonoe-san. Ulikuwa unachagua vizuri."

Hilo la mwisho ndilo lililomwumiza. Kama angemtukana, angepata cha kumjibu.

Mzee Sameshima alikuja na kalamu sikioni, akamtazama Sonoe, akauliza ni lipi. Nagamine, kwa mazoea, akarudi nyuma hatua moja na kuinama alichukue birika. Sonoe akaliwahi.

"Muulize Nagamine-san," akasema. "Mimi pua imeziba. Ni chavua."

Kisha akapiga chafya katikati ya ukumbi, kubwa, ambayo alikuwa ameizuia tangu asubuhi. Hakuna aliyegeuka. Nagamine alikwisha kusogea kwenye bakuli lililofuata, akiwa anangojea maji, na Sonoe akamfuata. Birika lilikuwa zito kuliko alivyodhani.